Serikali ya wanafunzi Uganda: historia yake na mipaka ya mamlaka yake

Luzira, mtaa wa Kampala ulio kando ya Ziwa Viktoria, hutajwa katika habari za wanafunzi hasa kwa sababu ya gereza lake. Baadhi ya vijana waliokamatwa katika maandamano ya kupinga ufisadi mnamo Julai 2024 walipelekwa rumande huko. Hata hivyo, katika tarafa hiyohiyo ya Nakawa iko pia Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, MUBS, ambayo wanafunzi wake huchagua viongozi wao kwa kura. Serikali hiyo ya wanafunzi nchini Uganda huitwa Guild.

Muundo na majukumu

Guild huiga muundo wa dola: ina rais, mawaziri na bunge la wawakilishi. Hufikisha kwa uongozi wa chuo malalamiko kuhusu karo, malazi, usalama na mitihani. Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001 huwapa wanafunzi viti katika baraza la chuo, ambalo ndilo chombo cha juu cha maamuzi. Lakini viti hivyo ni vichache. Wawakilishi husikilizwa, ila kwa kura zao pekee hawawezi kuzuia uamuzi. Hapo ndipo migogoro mingi huanzia.

Kutoka chakula hadi karo

Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwa Abu Mayanja, ambaye mwaka huohuo alishiriki kuanzisha chama cha Uganda National Congress. Katika utawala wa Idi Amin, Olara Otunnu, aliyekuwa rais wa Guild, alilazimika kukimbilia uhamishoni. Baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje.

Desemba 1990, wakati serikali ikipunguza gharama ilizokuwa ikiwalipia wanafunzi, polisi waliwaua kwa risasi wanafunzi wawili wa Makerere waliokuwa katika mgomo. Rais wa Guild wakati huo alikuwa Norbert Mao, ambaye mwaka 2022 aliteuliwa kuwa waziri wa sheria.

Oktoba 2019 mgogoro ulihusu nyongeza ya karo ya asilimia 15 kwa mwaka. Wanajeshi waliingia chuoni na kuvamia mabweni, likiwemo bweni la Lumumba.

Siasa za vyama

Kwa kuwa Guild imewalea wanasiasa wengi, vyama vya kitaifa huuona uchaguzi wake kuwa kipimo cha nguvu zao. Julai 2022 mwanafunzi mmoja aliuawa kwa kuchomwa kisu wakati wa kampeni za Makerere. Uongozi wa chuo ulisimamisha uchaguzi pamoja na shughuli za Guild, na baadaye kanuni zikarekebishwa ili kupunguza nguvu ya vyama.

Hatua hiyo ililenga kuwalinda wanafunzi, lakini ilionyesha pia kwamba uongozi wa chuo unaweza kuifunga sauti yao. Kwa familia inayolipa karo kwa taabu, jambo hilo si dogo. Karo inapopandishwa, mwakilishi aliyechaguliwa ndiye anayeweza kuhoji uamuzi huo ndani ya baraza kabla haujapitishwa. Asipokuwepo, au asiposikilizwa, hoja hiyo huhamia barabarani, na historia ya Makerere inaonyesha gharama yake.