Waziri Aliuawa, Skuli Ikabaki: Kisa cha Nidhamiyya ya Baghdad

Bismillahi Rahmani Rahim.



Kila ukiingia mwezi huu mtukufu wa Ramadhan, sisi Waislamu hufungua mikono. Misikiti hutandikwa mikeka mipya, futari hupelekwa kwa majirani, na madrasa nazo hupata fungu lao. Lakini ikifika mfunguo pili au mfunguo tatu, maalim anarudi pale pale: ada hazijalipwa, madawati yamevunjika, na mshahara wake ni mpaka mzee fulani akumbuke. Na siku maalim huyo akifariki, mara nyingi madrasa nayo huzikwa pamoja naye.

Hebu tujiulize, kwa nini? Si kwamba hatutoi. Twatoa sana. Tatizo letu ni usimamizi, na tatizo hili si geni katika Uislamu. Waliotutangulia walipambana nalo zaidi ya miaka 900 iliyopita, na wakatuachia somo kubwa, katika yale waliyoyapatia na yale waliyoyakosea pia.

Mtu aliyeitwa Nidhamu

Jina lake hasa ni al-Hasan bin Ali, mzaliwa wa upande wa Tus katika Khurasan, mwaka 408 H (1018). Alikuwa waziri wa masultani wawili wa Kiseljuk, Alp Arslan na mwanawe Malik Shah, kwa karibu miaka 30. Watu wamjua zaidi kwa lakabu yake, Nidham al-Mulk, yaani nidhamu ya ufalme. Naam, ni neno lile lile tunalolitumia sisi tukisema mtoto fulani hana nidhamu!

Madrasa zilikuwepo kabla yake. Jambo alilofanya yeye ni kuzijenga kwa mpango mmoja, mji baada ya mji: Nishapur, Balkh, Herat, Isfahan, Basra, Mosul na kwengineko. Iliyovuma zaidi ni ile ya Baghdad. Ujenzi wake ulianza mwaka 457 H (1065), na ikafunguliwa mwezi wa Dhul-Qaada 459 H (1067). Tusijidanganye kwamba nia ilikuwa elimu tupu. Dola ya Fatimiyya kule Misri ilikuwa ikieneza mafundisho yake, na waziri alitaka wanazuoni wa Kisunni watakaosimama upande wa pili. Siasa ilikuwemo. Lakini chombo alichokiunda kiliishi kuliko siasa hiyo.

Siri ilikuwa kwenye wakfu

Waziri angeweza kuwa anatoa pesa mfukoni kila mwezi na kusifiwa kila mwezi. Hakufanya hivyo. Aliiwekea skuli wakfu, yaani mali yenye kuzaa, ambayo pato lake ni la skuli na haiuzwi wala hairithiwi. Kisha akaandika masharti. Masharti yalitaja kwamba mudarris, yaani mwalimu mkuu, awe wa madhehebu ya Imam Shafi. Na mtoa waadhi na mwenye kutunza maktaba wawe hivyo hivyo. Lazima awepo mwalimu wa kusomesha Qur'ani na mwalimu wa lugha ya Kiarabu. Na kila mmoja ana fungu lake katika pato la wakfu.

Tazama hapo ndugu yangu. Mwalimu hangojei kuhurumiwa, mshahara ni haki yake iliyoandikwa. Wanafunzi nao walipata mahali pa kulala na posho ya kuwatosha kusoma.

Faida ya posho tunaiona kwa Imam Ghazali (R.A.). Inasimuliwa kwamba baba yake alifariki yeye na ndugu yake Ahmad wakiwa wadogo, akawaacha kwa rafiki yake pamoja na pesa kidogo za kuwasomesha. Pesa zilipokwisha, mlezi yule, naye maskini, aliwashauri waingie madrasa ili wapate riziki huko huko wakisoma. Kama si madrasa yenye kulisha wanafunzi wake, huenda mayatima wawili hawa wangeishia sokoni kubeba mizigo, na Ihya'u Ulumiddin isingeandikwa.

Maalim aliyekataa kuja

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Mudarris aliyeteuliwa alikuwa Sheikh Abu Ishaq al-Shirazi, mwandishi wa al-Muhadhdhab, kitabu cha fiqhi ambacho Imam Nawawi alikifanyia sherehe kubwa iitwayo al-Majmu'. Watu wakangoja. Sheikh hakutokea!

Inasimuliwa kwamba alipokuwa njiani kijana mmoja alimkabili akamuuliza vipi atafundisha mahali palipojengwa kwa mali ya watu iliyochukuliwa bila haki. Sheikh akageuza njia akajificha. Ikabidi atiwe mwengine, Abu Nasr Ibn al-Sabbagh, ambaye alifundisha kama siku 20 tu. Baadaye Sheikh Abu Ishaq alikubali, baada ya wanafunzi wake kumsihi sana na hata kutaka kumhama. Lakini imepokewa kwamba kila ukifika wakati wa swala alitoka nje ya skuli akaswali msikiti mwengine, kwa ajili ya shaka ile ile.

Kisa hiki kwangu mimi ndicho moyo wa historia hii. Mwenye skuli alikuwa mtu mkubwa kabisa katika dola. Na bado kijana wa mtaani aliweza kuuliza pesa na mawe vimetoka wapi, na mwanachuoni mkubwa akalichukua swali lile kwa uzito. Hakuna aliyemwambia kwamba kuuliza hesabu ni kukosa adabu. Sisi leo, kijana akiuliza hesabu ya madrasa huambiwa ana lake jambo.

Kasoro yake

Sasa tuje kwenye upande wa pili. Nidham al-Mulk aliandika masharti mazuri, lakini mamlaka ya kuteua na kufukuza walimu aliyabakisha mkononi mwake na kwa kizazi chake. Hapo ndipo palipoleta matatizo.

Sheikh Abu Ishaq alipofariki mwaka 476 H (1083), mtoto wa waziri aliyekuwepo Baghdad alimteua al-Mutawalli. Baba yake, aliyekuwa mbali, akachukizwa. Alisema skuli ilifaa ifungwe mwaka mzima kwa heshima ya marehemu, kisha akaagiza akae Ibn al-Sabbagh. Miaka michache baadaye yakatokea makubwa zaidi. Mwaka 483 H (1090) alifika mudarris na barua yake ya uteuzi. Haukupita muda, akafika wa pili, naye ana barua. Ilifanywaje? Walipeana zamu: huyu leo, yule kesho! Fikiria wewe ndiye mwanafunzi. Mwaka uliofuata, 484 H (1091), wote wawili waliondolewa, akaletwa Imam Ghazali, akiwa na umri wa kama miaka 33 tu.

Kuteuliwa kwa Ghazali kulikuwa kheri, hilo halina ubishi. Yeye mwenyewe aeleza kwamba alikuwa akifundisha wanafunzi 300. Lakini kheri hiyo ilitegemea jicho la mtu mmoja. Mtu huyo akiona vizuri, skuli hupata Ghazali. Akichanganyikiwa, skuli hupata walimu wawili wa kiti kimoja.

Ramadhan ya mwaka 485

Tarehe 10 Ramadhan mwaka 485 H (Oktoba 1092), karibu na Nihawand, Nidham al-Mulk aliuawa usiku baada ya futari. Muuaji alijifanya mtu wa kisufi mwenye haja. Sultan Malik Shah naye akafa baada ya kama mwezi mmoja tu, na watoto wake wakaingia vitani kugombea ufalme.

Kwa hesabu zetu za mtaani, skuli ingekufa hapo. Haikufa. Mwaka 488 H (1095) Ghazali mwenyewe aliondoka Baghdad kwenda kutafuta usafi wa moyo wake, na kiti chake akakalia ndugu yake Ahmad. Msafiri Ibn Jubayr alipofika Baghdad mwaka 1184 alikuta madrasa kama 30, na akaitaja Nidhamiyya kuwa mashuhuri zaidi. Akaeleza pia kuhusu wakfu zinazowalipa walimu na kuwapa wanafunzi posho. Wamongoli waliubomoa mji mwaka 1258. Na bado Ibn Battuta alipofika mwaka 1327, miaka 260 baada ya ufunguzi, aliikuta Nidhamiyya ipo. Ni Ibn Battuta yule yule aliyefika Mombasa mwaka 1331 akawasifu wenyeji kwa dini yao, na akaandika kwamba wao ni Mashafi.

Na sisi je?

Huenda mtu akasema, yule alikuwa waziri na hazina ya dola, sisi ni watu wa harambee. Ni kweli. Lakini kuandika masharti hakuhitaji hazina. Kahitaji karatasi, kalamu na watu waaminifu.

Tuchukue mambo matatu. Mosi, duka moja la wakfu lenye kodi ya kila mwezi lamfaa maalim kuliko bahasha kumi za Ramadhan. Sheria ya wakfu ipo hapa Kenya, na mpya ilipitishwa mwaka 2022, kwa hivyo mlango uko wazi. Pili, mshahara wa maalim uandikwe, na hesabu isomwe mbele ya wazazi, hata ikiwa mfadhili ni mtu mkubwa. Tatu, uteuzi uwe wa kamati yenye kushauriana. Usiwe wa mzee mmoja na watoto wake, kwani hapo ndipo Nidham al-Mulk mwenyewe alipoteleza.

Sote twaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) juu ya sadaka yenye kuendelea baada ya mtu kufa. Tukumbuke kwamba haiendelei yenyewe. Yataka mtu wa kuisimamia. Vijana tuliosoma biashara na uhasibu, kazi hiyo yatungoja sisi. Wazee wamebeba mzigo huu muda mrefu, na Ramadhan hii si vibaya tuwaendee kwa adabu tukawaomba daftari.

Allah atutakabalie funga zetu na atujaalie tuwe wenye kuchunga amana. Amin. Wabillahi tawfiq.