Mlango wa Chuo Kikuu, Zamani na Sasa

Wanafunzi wa Kilosa na Mikumi wanaojitayarisha kwa mtihani wa Kidato cha Sita hutuuliza kama mlango wa Chuo Kikuu ulikuwa mpana zaidi zamani. Swali hili lafaa kujibiwa kwa historia.

Zamani za Waingereza hapakuwa na Chuo Kikuu katika Tanganyika. Kijana aliyetaka elimu ya juu alitazamia Makerere katika Uganda, shule iliyoanzishwa mwaka 1922 kwa kazi za ufundi, ikapanda daraja hata ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Njia ilikuwepo: Reli ya Kati, ambayo Wadachi walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita Kilosa, na tawi lake la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928. Kutoka huko meli zilivuka Ziwa Victoria. Lakini kabla ya safari hiyo kijana alipaswa kupata nafasi katika shule chache za sekondari, kama ile ya Tabora, ambako Julius Nyerere alisoma kabla ya kuingia Makerere mwaka 1943. Wengi walibaki nyuma, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa shule.

Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam, majuma machache kabla ya uhuru. Mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania, na mitihani iliyokuwa ikitungwa Cambridge ikawa kazi ya wenyeji. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka wanaomaliza Kidato cha Sita watangulie kufanya kazi kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Sharti hilo halipo tena. Leo, kwa walio wengi, hapana mtihani mwingine wa kuingia: alama za Kidato cha Sita ndizo hufungua mlango, au huufunga.

Basi umbali umepungua, lakini uzito wa mtihani mmoja umeongezeka. Tena tangu mwaka 1967 Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza hushika nafasi yake katika sekondari. Hivyo mtoto wa mkulima wa Mikumi hupimwa mara mbili katika swali moja: kwanza kama amelielewa, kisha kama anajua jibu.

Kwa sababu hiyo twawasihi wanafunzi wasikariri tu maneno ya ubaoni. Kila jioni mwanafunzi na ajibu swali moja kwa maandishi, kwa sentensi kamili, ampe mwalimu alisahihishe. Wasomao pamoja na waelezane maana kwa Kiswahili, kisha wayaandike majibu yao kwa Kiingereza. Wala wasiungoje mwezi wa mtihani, kwa maana lugha haijifunzwi kwa majuma manne. Nasi walimu yatupasa kuyasoma maandishi hayo, hata yakiwa mengi.