Ng'ombe wa Kimo cha Kidole

Mtoto anayefinyanga ng'ombe haanzi na kichwa. Nilimtazama mmoja huko Bugoye, amechuchumaa kando ya njia iteremkayo kuelekea Mto Mubuku, mvua ya asubuhi ikiwa imekatika na udongo wa kichuguu umelainika vizuri. Alichukua donge la kujaa kiganja, akaliviringisha, akaliminya upande mmoja likatoa shingo. Miguu aliivuta minne, mifupi na minene, maana mirefu ingelala chini kabla haijakauka. Mpaka hapo mnyama wake angeweza kuwa nguruwe, mbwa au meza.

Halafu akasimama. Akatafuta, akarudi na miiba miwili mirefu, akaichomeka juu ya kichwa, akaichomoa, akaichomeka tena ikiwa imelala zaidi nje. Hakumtazama mnyama wake ubavuni kama wanavyofanya wachoraji wa vitabu vya shule. Alimgeuza amtazame usoni, kama mtu aliyesimama langoni mwa zizi jioni.

"Ng'ombe wa nani huyo?" nikamuuliza.

"Wa kule chini, mzee," akasema, akaelekeza kidevu kwenye tambarare ya Kasese. "Wa Wasongora. Si unaona pembe?"

Niliziona. Ukisimama Bugoye, milima ya Rwenzori iko mgongoni na tambarare iko miguuni. Mlimani kwa Wakonzo kuna migomba, kahawa na mbuzi waliofungwa kwa kamba kwenye mteremko. Chini ndiko kwenye ng'ombe wa pembe ndefu. Mtoto wa mlimani aliyekulia na mbuzi alijua kinachomtambulisha ng'ombe wa jirani yake, na akakiweka mahali pake kwa miiba miwili.

Kazi hiyo ni ya kale mno. Mwaka 1901 hivi wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kaburi huko El-Amra, kusini mwa Misri, wakakuta ng'ombe wanne wa udongo wamesimama bega kwa bega juu ya kibao kimoja. Wana umri wa miaka 5,500 hivi, na leo wako British Museum mjini London. Miguu yao ni vigingi tu, lakini pembe zimejipinda kwa namna ambayo mfugaji yeyote angeisimulia. Nubia nako, watu wa kale waliokuwa wafugaji waliacha ng'ombe wengi wa udongo wa aina hiyo. Na E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi na Wanuer wa Sudan Kusini miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha 1940 kwamba watoto wao hujenga mazizi ya mchanga, hufinyanga ng'ombe wa tope na kuwachezesha uchungaji na hata mahari. Baadhi ya ng'ombe wa udongo kutoka Sudan Kusini wamehifadhiwa Oxford, katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, ambako sidhani kama yupo anayewatumia kulipa mahari.

Nchi za Ulaya zilifika kwa ng'ombe mdogo kwa njia nyingine kabisa. Zilipitia vitani.

Huko, na Marekani, kuna watu wazima wenye kazi na watoto wanaokesha wikendi wakipigana vita juu ya meza. Kila upande una jeshi la visanamu, mara nyingi vya kimo cha milimita 28. Husogezwa kwa kupima kwa futi kamba, na dadu huamua nani afe. Mchezo huo ulianza kama somo. Baron von Reiswitz wa Prussia alitengeneza wake mnamo 1812, mwanawe akauboresha na kuchapisha kanuni zake mwaka 1824, na jeshi la Prussia likaufanya chombo cha kufundishia maofisa. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kushangaa. Mzee wa Kampala anayecheza omweso anaendesha vita vya mashimo 32 na kete 64, anateka, anapanga upya, anamwangusha mwenzake. Tofauti ni kwamba mbegu ya omweso haidai kufanana na kitu chochote, ilhali kisanamu kinadai, na kikishadai kinakuwa na deni.

Mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells, aliyetoa kanuni zake za vita vya sakafuni katika Little Wars mwaka 1913, alikuwa ameshalalamika miaka miwili kabla katika Floor Games kwamba maduka ya vitu vya kuchezea yamejaa askari, na watu wa kawaida hawapatikani. Askari hao wengi walitoka katika kiwanda cha Britains cha London, ambacho mwaka 1893 kiligundua namna ya kumsubu askari wa risasi akiwa mtupu ndani: madini yaliyoyeyuka humiminwa kwenye kalibu ya chuma, yakishika ukoko kando, yaliyobaki katikati humwagwa haraka. Askari anakuwa mwepesi na wa bei ya chini.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Familia zilizokuwa zimezika wana wao hazikuwa na hamu tena ya kumnunulia mtoto kikosi cha askari. Kuanzia mwaka 1921 hivi Britains wakaleta shamba: ng'ombe, farasi wa jembe, kondoo, nguruwe, mkulima na mke wake. Mbinu ya kusubu ni ileile, na pengine mafundi ni walewale. Namna hiyo vita ndivyo vilivyomzaa ng'ombe wa risasi, na ng'ombe huyo alizaliwa Mwingereza: mgongo umenyooka kama ubao, kiwele kimejaa, pembe fupi zimekunjwa mbele au hazipo kabisa.

Pembe fupi hazikuletwa na mazoea ya macho peke yake. Kitu kirefu na chembamba ni adui wa kalibu. Madini huganda kabla hayajafika nchani, au hufika vizuri na kisha pembe inang'ang'ania ukingoni wakati wa kutoa. Na ikitoka salama, mtoto ataikunja siku ya kwanza na kuivunja ya pili. Hata leo visanamu vya aloi ya bati husubiwa katika kalibu za mpira zinazozungushwa kwa kasi, na tatizo ni lilelile. Mtengenezaji mwenye akili ya biashara hufanya pembe fupi na nene kisha hulala usingizi. Mtoto wa Bugoye alilikuta tatizo hilohilo kwenye udongo, akalitatua kwa miiba.

Kufikia miaka ya 1990 mezani kukaja Afrika. Mchongaji Mwingereza Mark Copplestone alitengeneza mfululizo wa visanamu vya Afrika ya karne ya 19 kwa ajili ya kampuni ya Foundry: ruga-ruga (askari wa kukodi), wapagazi, wavumbuzi wa Kizungu wenye kofia. Na hapo ndipo habari hii inaturudisha chini ya Rwenzori, kwa sababu msafara wa kumwokoa gavana Emin Pasha aliyekwama kusini mwa Sudan, ambao wachezaji wengi hupenda kuuweka mezani, ulipita hapa. Henry Morton Stanley, kiongozi wa msafara huo, alishuka bonde la Semliki na kufika ziwa la chumvi la Katwe katikati ya mwaka 1889. Waliokuwa wakiitawala tambarare wakati huo ni barusura, askari wa Omukama Kabalega wa Bunyoro. Miaka miwili baadaye Frederick Lugard alijenga ngome hapo Katwe, akaiita Fort George.

Barusura walifuata nini Busongora, nchi hiyo ya Wasongora? Chumvi, ndiyo, na ng'ombe. Mali ya nchi hii ilikuwa na miguu minne. Ukiweka mezani pigano la Busongora bila ng'ombe umeweka watu wakipigana bila sababu. Nimeona picha za meza hizo. Bunduki ya Remington imechongwa mpaka kitasa, vifungo vya koti la Stanley unaweza kuvihesabu, na pembeni mwa kijiji amesimama Friesian mweusi na mweupe, wa kiwele cha lita thelathini, aliyenunuliwa katika pakiti ya wanyama wa shambani. Mwaka 1889 hapakuwa na Friesian hata mmoja tambarare ya Kasese.

Tupige hesabu kidogo. Kisanamu cha milimita 28 kinasimama kwa mtu wa sentimita 168, yaani kila kitu kimegawanywa kwa 60. Ng'ombe wa pembe ndefu wa kwetu, wa aina ya Ankole, ana kimo cha begani cha sentimita 130 hivi. Mezani atakuwa chini kidogo ya milimita 22. Pembe ya mita moja inakuwa milimita 17. Maana yake, ukiilaza pembe kando ya askari inatoka unyayoni mpaka kitovuni mwake. Na si nyembamba: maksai mmoja wa damu ya Ankole huko Arkansas, Marekani, aitwaye Lurch, alipimwa mwaka 2003 akakutwa na pembe yenye mzingo wa sentimita 95.25 penye shina. Huyo anadai pembe ya milimita tano mezani, nene kuliko paja la mwenye bunduki. Tena ndani ya pembe hizo kuna mfupa wenye mishipa mingi ya damu, ambayo humsaidia mnyama kupoa. Si pambo lililobandikwa.

Nundu inafuata. Zebu wa pwani na wa Karamoja ana nundu kubwa juu ya mabega. Ng'ombe wa Ankole, wa jamii ya sanga, ana nundu ndogo iliyosogea mbele kuelekea shingoni, na fahali ndiye anayeionyesha zaidi. Wachongaji wengi wakishaambiwa "Afrika" humtwika kila ng'ombe nundu ya zebu. Masikio nayo: kwa ng'ombe hukaa chini ya pembe, nyuma kidogo, si mbele yake. Na kile kiungo cha mguu wa nyuma kinachokunjika kinyume, ambacho watu hukiita goti, kwa kweli ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa juu karibu na tumbo. Asiyejua hili huchonga mnyama mwenye miguu ya binadamu aliyepiga magoti vibaya. Ng'ombe aliyelala pia husumbua, maana akiinuka huanza na makalio, ilhali farasi huanza na mbele. Nimeona kisanamu cha ng'ombe anayeinuka kifarasi, nikacheka peke yangu kwenye teksi.

Kwa rangi ningeweza kujaza gazeti zima. Wafugaji hawasemi "ng'ombe mwekundu" wakanyamaza. Kuna bihogo, wekundu uliokolea kuelekea kahawia, kuna gaaju iliyo nyepesi zaidi, na majina mengine mengi ya madoa, mabaka na tumbo jeupe, na asiye na pembe ana jina lake pia, enkungu. Mpaka rangi wa mezani mwenye chupa kumi za kahawia hajazimaliza.

Mlimani mambo ni mengine. Anayetaka kuweka Bugoye mezani aweke mbuzi wengi kuliko ng'ombe, wadogo, wa miguu mifupi na masikio yaliyosimama kando. Na hapa kuna mtego wa pekee. Kondoo wetu hana sufu kama wa Britains, ana nywele fupi kama mbuzi, hata mgeni huwachanganya. Tazama mkia: wa mbuzi umeinuka, wa kondoo umening'inia. Katika kimo cha milimita kumi na mbili mkia huo ni ncha ya sindano, lakini bila huo hakuna mbuzi.

Risasi iliachwa katikati ya miaka ya 1960 kwa sababu ya sumu yake, plastiki ikachukua shamba lote, na siku hizi mtu mwenye mashine ya kuchapisha vitu vya 3D hutoa mnyama wa utomvu mezani kwake kwa saa chache, pembe ndefu zikiwa zimetengemaa bila kalibu. Kisingizio cha pembe kuvunjika kimekwisha. Kilichobaki ni kumtazama ng'ombe mwenyewe.

Nako kumtazama kumekuwa kugumu kuliko zamani. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe wa nchi hii, malale yakawahamisha watu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1952 malisho mengi ya Wasongora yakawa ndani ya hifadhi ya taifa ya Kazinga, ambayo mwaka 1954 ilipewa jina la Malkia Elizabeth. Wafugaji wanaotafuta maziwa zaidi nao huwapandishia Friesian, kwa hiyo yule mgeni wa mezani sasa amekuwa mwenyeji wa kweli. Makundi ya pembe ndefu bado yapo kwa Wasongora tambarareni, na wenyewe si wachoyo ukiomba kupima.

Yule mvulana wa Bugoye alimaliza kwa kumfinyangia ng'ombe wake ndama, akamweka chini ya tumbo la mama yake, akagundua hafiki kwenye chuchu, akaikata miguu ya mama nusu. Mizani ikaharibika, lakini ndama akanyonya. Wachongaji wa London na Arkansas wakitaka ng'ombe wa Busongora ya 1889, waje na futi kamba zao, waanzie kwenye pembe, na yule Friesian wamrudishe pakitini.