Uchongaji wa Wabembe na wateja wake

Uchongaji wa vinyago wa Wabembe ulikulia katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, kuanzia nyanda za juu za Itombwe, ilipo Minembwe, hadi ufuo wa Ziwa Tanganyika pale Baraka. Wabembe ni ndugu wa Walega. Walipoteremka kuelekea ziwani walikuta jamii nyingine, wakiwemo Wabuyu na Wazoba, wakachanganyika nazo. Ndiyo maana sanamu za eneo hili zina mitindo ya aina nyingi. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, aliyetafiti huko kabla ya uhuru, alitoa mwaka 1981 kitabu juu ya sanamu za wawindaji waliotangulia Wabembe.

Mchongaji hakuuza sokoni. Aliagizwa kazi na vyama vya kimila, hasa Bwami na Alunga. Kinyago cha Alunga kilifunika kichwa kizima, kikawa na nyuso mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Mashimo makubwa ya macho yalipakwa udongo mweupe, na juu yakapachikwa manyoya na miiba ya nungu. Waliokiagiza ndio walioamua umbo lake, nani akivae na nani akione. Ufundi na mila vilikwenda pamoja, na fundi alilindwa na chama maadamu chama kipo.

Kinga hiyo ilivunjika katika karne ya 20. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliutilia shaka uwezo wa vyama hivyo, na mwaka 1948 ikapiga marufuku Bwami. Wamisionari nao waliwataka waumini waache mambo ya jadi. Baada ya uhuru wa 1960 yakaja maasi ya Simba ya 1964, na Fizi ikawa ngome ya waasi kwa miaka mingi. Vita vya 1996 viliwavusha wengi ziwa hadi Tanzania, wakiwemo waliofikia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma.

Wakati huohuo vinyago vilipata mteja mwingine: majumba ya makumbusho, kama lile la Tervuren nchini Ubelgiji, na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Lakini mteja huyu alitaka kilichokwisha kuvaliwa katika sherehe, chenye alama za moshi na jasho. Kinyago kipya hakikuwa na thamani hiyo, hivyo faida ilikwenda kwa wafanyabiashara, na mchongaji aliye hai hakupata kazi.

Wachongaji wa Kimakonde walipita njia tofauti na Wabembe. Wachongaji waliotoka Msumbiji kwenda Tanganyika waliuza kazi kwa wageni moja kwa moja au kupitia wafanyabiashara kama Mohamed Peera wa Dar es Salaam. Miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani, na Roberto Jacobo akahusishwa na ule wa ujamaa, nguzo ya watu waliopandana. Mpingo ukapewa maumbo ambayo hayakuhitaji ruhusa ya jando wala ya chama. Kijiji cha Mwenge, Dar es Salaam, kikawa soko lao.

Tofauti haikuwa ya kipaji. Mmakonde aliuza umbo jipya kwa mnunuzi mpya, ilhali kinyago cha Mbembe kilikuwa mali ya chama na hakingeweza kugeuzwa bidhaa bila kuvunja mwiko. Kwa fundi wa mbao wa Baraka, kazi yenye wateja leo ni milango, vitanda na mitumbwi.