Kujikinai au Ujasiri? Ushuhuda wa Uamsho na Dai la Kujiamini

Semina za vijana makanisani siku hizi hazikosi mada ya "kujiamini katika Kristo". Kijana hufundishwa kujitazama kwenye kioo kila asubuhi na kujitamkia kwamba yeye ni mshindi, ni mteule, ni kichwa wala si mkia. Mafundisho haya yana babu yake: Norman Vincent Peale, mchungaji wa New York aliyechapisha mwaka 1952 kitabu chake maarufu kuhusu nguvu ya kuwaza mema. Dai lenyewe ni jepesi. Mtu akijisemea maneno ya imani mara nyingi vya kutosha, hofu itamtoka na ujasiri utaingia. Naona dai hilo limeshika kitu kwa mkia.

Tuanze na neno. Katika Luka 18:9 Yesu anawatolea mfano watu ambao, kwa Kigiriki cha asili, "wamejitumainia wenyewe". Hatuko mbali hapo na kujiamini. Watafsiri wa Biblia ya Muungano, iliyokamilika mwaka huohuo wa 1952, hawakuwapa watu hao neno zuri, waliwaita waliojikinai. Lakini Petro na Yohana wanaposimama mbele ya baraza katika Matendo 4:13, neno linalotumika ni ujasiri, nalo limesimama mahali pa parrhesia, neno la Kigiriki lenye maana ya kusema yote bila kuficha. Sijengi teolojia nzima juu ya kamusi. Hata hivyo, inafaa kuzingatiwa kwamba ujasiri unaosifiwa hapo unahusu ulimi, na una wasikilizaji. Kioo hakimo.

Wanasaikolojia hawatatuchelewesha. Tangu Albert Bandura alipoandika mwaka 1977 juu ya imani ya mtu katika uwezo wake, wengi wamekubali kwamba imani hiyo hulishwa zaidi na jambo ambalo mtu amelitenda akaliweza kuliko na maneno ya kutiwa moyo. Swali ni hili: Mkristo wa kawaida hutenda nini?

Jibu langu linatoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari mmisionari Joe Church walikutana Kampala wakasoma Maandiko pamoja. Miaka michache baadaye moto ukawaka Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni, ukaenea Uganda, Bukoba na Kenya. Jambo lililowashangaza watazamaji wa wakati ule lilikuwa toba ya hadharani. Watu walisimama wakataja wizi wao, uzinzi wao, chuki zao, tena kwa majina ya vitu: jembe, mbuzi, shuka la hospitali. Waliyaita hayo kutembea nuruni.

Umbo la ushuhuda huo bado lipo. Katika ushirika mmoja mkoani Kagera nilimsikia mama muuza maziwa. Alianza kama wanavyoanza wote: Bwana asifiwe, jina lake, kwamba ameokoka, kwamba anampenda Yesu kuwa Mwokozi wa maisha yake. Mpaka hapo sauti ilikwenda yenyewe, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake gizani. Kisha ikakwama. Akashika pindo la kanga, akalikunja, akalikunjua, akasema amekuwa akiongeza maji kwenye maziwa. Wateja wake wanne walikuwa wamekaa benchi la pili. Kimya. Ndugu mmoja akaanzisha wimbo wa Tukutendereza, wote wakaitikia, na yule mama akainua uso. Sentensi zake zilizofuata zilikuwa ndefu na zenye sauti. Kilichobadilika hakikuwa maoni yake kuhusu nafsi yake, kwa maana alikuwa amejitaja mwizi muda mfupi uliopita. Siri ni kamba, na aliyeijua ndiye aliyeishika. Mama yule alikuwa ameikata mwenyewe.

Wapo watakaoniletea mwanafalsafa Michel Foucault, ambaye mwaka 1976 alieleza maungamo kuwa mbinu ya utawala: anayesikiliza humtawala anayesema. Hoja hiyo inafaa zaidi kwenye kitubio cha padri kuliko kwenye ushirika, ambako msikilizaji wa leo ndiye msemaji wa kesho, na ambako wamisionari wa Kizungu nao walitakiwa kutubu mbele ya Waafrika. Kwa koloni, hicho kilikuwa kioja. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha 2012, ameonyesha jinsi ushuhuda huu ulivyowakera wazee na wazalendo wa makabila, walioona aibu za nyumbani zikianikwa barabarani. Chombo cha kuwanyamazisha watu kisingewaudhi wakubwa kiasi hicho.

Tena matokeo yalionekana. Baada ya 1952, watu wengi wa uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na baadhi waliuawa kwa sababu hiyo. Wapo pia waliokataa bunduki za serikali walipotakiwa kulinda vijiji, wakashukiwa na pande zote mbili. Sidai kwamba ushuhuda peke yake uliwapa uthabiti huo. Nadai tu kwamba mtu aliyekwisha kuyasema mabaya yake mwenyewe mbele ya jirani hana mengi ya kutishiwa nayo, na kwamba kioo cha asubuhi hakijawahi kutoa watu wa namna hiyo.

Hata hivyo kuna jambo linalonisumbua. Foucault huyohuyo, alipofundisha Berkeley mwaka 1983, alisisitiza kwamba parrhesia ni maneno ya mnyonge kwa mwenye nguvu, yenye hatari ndani yake. Katika ushirika wote ni ndugu. Wiki chache baadaye yule mama alisimama kwenye dirisha la zahanati, akatozwa fedha bila kupewa risiti. Alitaka kuiomba, akashindwa, akaondoka.

Alhamisi iliyofuata alisimama tena akatubu hofu yake. Alisema vizuri sana, bila kugusa pindo la kanga. Ndugu wakaimba. Kuhusu risiti, hakuna aliyeuliza.