Jinsi wanavijiji walivyosaidia kuzima Ebola Gulu

UGONJWA wa Ebola hauenei kama mafua. Virusi vyake hupitia damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mgonjwa, na mwili wa marehemu huwa hatari zaidi. Ndiyo maana wanaoambukizwa mara nyingi ni waliomuuguza mgonjwa au kumwosha maiti.

Hali hiyo ilidhihirika Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwezi Oktoba 2000. Kufikia Februari 2001, ugonjwa ulipotangazwa kwisha, watu 425 walikuwa wameugua katika wilaya za Gulu, Masindi na Mbarara, na 224 kati yao kufariki. Mmoja wao ni Dkt Matthew Lukwiya, msimamizi wa Hospitali ya Lacor, aliyefariki Desemba 5, 2000 baada ya kuambukizwa akihudumia wagonjwa.

Kwa mila za Waacholi, maiti huoshwa na shangazi yake. Waombolezaji hunawa katika bakuli moja, kisha humgusa marehemu usoni kumuaga. Mila hiyo ya mapenzi ikawa njia ya kifo, na mazishi yakazaa wagonjwa wapya.

Hata hivyo, jamii hiyo hiyo ilikuwa na kanuni za kale za kukabili maradhi yanayoua wengi kwa ghafla, ambayo huyaita gemo. Wazee wakishatambua kwamba gemo imeingia, mgonjwa hutengwa katika nyumba iliyo mbali na nyingine. Miti miwili huwekwa langoni kuwaonya wapitanjia. Anayemhudumia ni mtu aliyewahi kuugua akapona, na ndiye humzika akifariki, pembeni mwa kijiji.

Ngoma husitishwa, watu hawatembeleani wala kula chakula cha wageni. Aliyepona naye hukaa mwezi mzima kabla ya kuchangamana na wenzake.

Kanuni hizo zilikaribiana mno na maagizo ya madaktari. Kwa hivyo, mkazo ulipowekwa kwenye ushirikiano na wazee, watu wengi walielewa sababu ya kutengwa. Wajitolea wa vijijini waliwasaka wagonjwa na kuwafuatilia waliokaribiana nao kwa siku 21, muda ambao dalili zinaweza kujitokeza.

Kasoro haikukosekana. Baadhi ya waliopona walikataliwa na majirani, na woga kama huo huwafanya wagonjwa kujificha.

Funzo la Gulu lingali na uzito. Chanjo iliyoidhinishwa mwaka 2019 hukinga Ebola ya aina ya Zaire. Iliyozuka Gulu ni ya aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa hata ilipoikumba Uganda tena mnamo 2022 na 2025. Palipokosekana chanjo, kinga ya kwanza ni jirani anayetoa habari mapema, na familia inayokubali marehemu wake azikwe kwa usalama na heshima.