Barua Iliyolala Katika Mtoto wa Meza

Mjukuu wangu anasoma mwaka wa tatu katika chuo kikuu huko Minnesota, Marekani. Usiku mmoja alinipigia simu, na baada ya kuniamkia akasema, "Babu, nimeomba nafasi ya kusomea sera ya umma wakati wa likizo ya kiangazi. Insha nimemaliza na matokeo yangu nimepeleka. Imebaki barua ya profesa mmoja tu, naye hajibu. Zimebaki siku nne." Nilimtuliza kama tufanyavyo wazee, lakini simu ilipokatika, usingizi ulinipaa.

Mpango anaouomba una historia yake. Unaitwa Public Policy and International Affairs, na mizizi yake ni ya miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wakfu wa Sloan ulipotoa fedha ili vijana wa jamii zilizoachwa nyuma, Wamarekani weusi wakiwamo, waandaliwe kuingia katika utumishi wa umma. Kwa miaka mingi vyuo kama Michigan, Berkeley, Carnegie Mellon na Minnesota vimewapokea vijana hao na kuwafundisha uchumi, takwimu na uandishi wa hoja. Nia ni njema. Lakini mlango huo, kama milango mingi, una komeo: barua ya mtu mwingine.

Nasi Tanzania tuliwahi kuweka komeo la namna hiyo. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Ilionekana kwamba wasomi wameanza kujitenga na wakulima waliowasomesha. Kisha, Novemba 1974, likaja Azimio la Musoma: amalizaye kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza alitumikie taifa na afanye kazi, kisha apendekezwe na mwajiri wake na chama. Nililiunga mkono azimio lile, na hata leo nasema wazo lake lilikuwa na maana.

Mwaka 1979 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari, kijana bado. Nilikuwa na mwalimu mmoja tu wa hisabati, naye alikuwa akingojea kwenda chuo kikuu. Alikuja na fomu yake, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Iache, nitaishughulikia." Alipotoka nikaitia katika mtoto wa meza. Mara mbili aliniuliza, na mara mbili nikamjibu, "Bado." Sikumkatalia; nilichelewa tu, mpaka tarehe ikapita. Nilijiambia kwamba nawatetea wanafunzi, na kweli mwaka ule walifaulu hisabati.

Mwaka uliofuata nilimwita mwenyewe nimjazie fomu. Akaniambia kuwa baba yake amefariki na wadogo zake wanne wanamtegemea. "Ahsante, mkuu," alisema, "imeshapita." Hakuomba tena. Alishika chaki mpaka akastaafu.

Baadaye nilihamia chuo cha ualimu, na mwaka baada ya mwaka niliwafundisha wanachuo Azimio la Musoma: tarehe yake, madhumuni yake na matatizo yake. Wanachuo waliandika, wakajibu mitihani, wakafaulu. Hata siku moja sikuwasimulia habari ya mtoto wa meza. Hata hivyo, ndugu msomaji, sera hukaa humo. Wakubwa huitangaza mkutanoni, lakini anayeitimiza au kuiua ni mtu mmoja mwenye kalamu na sababu zake.

Alfajiri nilimpigia mjukuu wangu nikamweleza yote. Nilimshauri amfuate profesa ofisini kwake, kwa adabu, asingoje. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yule mwalimu, babu, ulimwomba radhi?"

Barua ya profesa ilipelekwa siku ya mwisho, majibu tunayangoja. Mimi nami niliketi mezani nikaandika barua yangu, iliyochelewa zaidi ya miaka 40. Nimeipeleka kwa basi la asubuhi. Sitazamii jibu. Aliingoja barua yangu muda mrefu. Sasa ni zamu yangu kungoja.